Jina walilifuta, cherehani wakaiacha

Kuna kitu nimekaa nacho tangu 2018 na sijawahi kukiandika popote. Juzi kwenye kikao cha kazini mtu akasema kwa kujiamini kabisa, "hii data haina majina kwa hivo haina shida", wenzake wakatingisha vichwa wakapita kwenye jambo lingine, na mimi roho ikaniruka manake hayo maneno nayajua yaliishia wapi mara ya mwisho nilipoyasikia. Basi leo naandika.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikapata kibarua cha miezi mitatu cha kuingiza data kwa shirika moja, sitalitaja, lililokuwa likifanya utafiti wa afya ya kina mama kwenye vijiji vya huku Kilifi, sio upande wa baharini, huko juu ambako ukishuka kwa matatu bado wapanda boda nusu saa. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, karatasi za maswali zimejazwa kwa biro na wahudumu wa afya wa jamii, sisi twazisoma moja moja twaziingiza kwa Excel. Siku ya kwanza msimamizi wetu akatufundisha kanuni: mkimaliza kuingiza futeni kolamu tatu, ya jina, ya simu na ya namba ya kitambulisho, mkishafuta hapo faili ni safi, mwaweza kuituma popote. Hilo ndilo neno alilotumia, safi. Nakumbuka vizuri sana nikibonyeza juu ya kolamu ya jina ikageuka rangi yote mpaka chini, majina mia nne na kitu, nikafuta, na nikajiona nimewatendea haki wale kina mama.

Kilichobaki kwa kila mama ni mstari mmoja. Kuna mstari mmoja ambao naujua kwa moyo mpaka leo: umri 41, mjane, watoto 7, kazi fundi wa nguo ana cherehani ya mguu, kijiji fulani, na kwenye kolamu ya mwisho kabisa alama ya kujumlisha. Umri na idadi ya watoto nimebadilisha hapa. Cherehani nimeiacha, kwa ruhusa yake mwenyewe, ntaelezea mbele. Alama ya kujumlisha mliofanya kazi za kliniki mwajua ni ya nini, ni ya mtu aliyepimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi.

Utafiti ulipoisha shirika likaitisha kikao cha kurudisha matokeo kwa jamii, jambo zuri kabisa, wengi huchukua data yao wakaenda zao wasirudi. Tukakaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya chifu, wazee kwa viti, kina mama kwa mikeka, na mtu mmoja ofisini akaona ni uungwana tuwaonyeshe watu kwamba hatukuficha kitu, akapiga chapa kurasa nne za ile faili safi zikagawiwa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja anasoma polepole, kidole juu ya karatasi, anakipeleka kulia kolamu moja baada ya nyingine, na nikamsikia akisoma kwa sauti ndogo, mjane, saba, cherehani. Kidole kikasimama. "Si huyu ni wifi yangu?" Hakusema kwa ubaya, wallahi hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyekutana na jamaa yake sokoni. Halafu kidole kikaendelea mpaka kolamu ya mwisho.

Januari nilimwendea yule mama mwenye cherehani. Msimu wa yunifomu za shule ndio msimu wa mafundi, mtu hapati hata nafasi ya kuketi, lakini barazani kwake palikuwa na cherehani imefunikwa kitambaa na leso mbili tu za kupinda. Watu walikuwa wakisema sindano humdunga vidole, damu yaingia kwenye nguo. Nikamwambia shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, akanipa kigoda akanitilia chai, na nilipoanza kumweleza kwamba sisi majina tuliyafuta yote, nilifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Najua jina hamkuliandika mwanangu, nimeambiwa. Lakini cherehani yangu mliiandika."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ukiniuliza kuondoa utambulisho kwenye data maana yake ni nini, mimi naanzia hapo, kabla ya kifungu chochote cha sheria.

Lakini sheria nimezisoma, nimezisoma sana tangu siku ile, na jambo lililonishangaza ni kwamba sheria zenyewe mara nyingi zinamuelewa yule mama kuliko sisi tunaozitekeleza. Chukua ya kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilipitishwa Novemba 2019, yaani mwaka mmoja na kitu baada ya ule mwembe, na yasema data binafsi ni taarifa yoyote inayomhusu mtu aliyetambuliwa au anayeweza kutambulika. Soma tena hilo la pili. Anayeweza kutambulika. Haisemi aliyeandikwa jina. Mstari wa mjane mwenye cherehani kwenye kijiji chenye mjane mmoja tu mwenye cherehani ni data binafsi kama vile umeandika jina lake kwa wino mwekundu, na sio data binafsi ya kawaida, manake sheria hiyo hiyo ina orodha ya data nyeti, na watu wengi wakisikia data nyeti hufikiria ugonjwa na alama za vidole, kumbe ndani ya orodha yetu hali ya ndoa imo, mali imo, habari za familia zimo pamoja na majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Kwa hivo hata ungeikata ile kolamu ya mwisho kwa mkasi, "mjane" peke yake ilikuwa tayari ni data nyeti, tena tuliiacha wazi tukaichapa.

Sasa njoo kwenye kuondoa utambulisho penyewe. Sheria yaeleza kwa sentensi moja: ni kuondoa vitambulishi vya mtu kwenye data binafsi ili mwenyewe asiweze kutambulika tena. Hiyo sentensi ina vipande viwili, na kwa maoni yangu balaa lote la nchi hii kwenye mambo ya data liko hapo katikati yao. Kipande cha kwanza ni kazi, ondoa vitambulishi. Kipande cha pili ni matokeo, asitambulike tena. Kila ofisi niliyofanya kazi, na sasa ni ya nne, wamesoma kipande cha kwanza wakafunga kitabu. Wanafuta kolamu tatu wanasema tumetimiza sheria. Lakini kazi bila matokeo haihesabiki hapo, ni kama kumwambia daktari nilimeza dawa na homa bado ipo, dawa umemeza ndio, kupona hujapona.

Na hili lina uzito wa kweli manake sheria imeweka mambo makubwa juu ya hilo neno. Kifungu cha 37 chamtaka anayetumia data kibiashara aondoe utambulisho pale inapowezekana. Kifungu cha 39 chasema muda wa kuweka data ukiisha uifute, au uondoe utambulisho, au uiweke kwa namba bandia. Kifungu cha 53 kinawapa watu wa utafiti nafasi kubwa ya kusamehewa masharti, mradi matokeo yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mtu. Yani kuondoa utambulisho ni mlango wa kutokea, ukipita hapo masharti mengi yanakuacha, hulazimiki kuomba ridhaa, hutaulizwa maswali. Mlango mzuri namna hiyo lazima watu watasukumana kuupita hata kama hawajafika.

Namba bandia nayo tuielewe, watu huichanganya na kuondoa utambulisho, ni vitu viwili mbali. Namba bandia ni pale jina latolewa mgonjwa anaitwa 0457, halafu kuna daftari mahali pengine limeandika 0457 ni nani. Sheria yetu yasema hilo daftari lazima liwekwe mbali na lilindwe. Ulaya kanuni yao ya data, ile iliyoanza kufanya kazi Mei 2018, yasema wazi kwamba data ya namba bandia bado ni data binafsi, kwa sababu ufunguo upo. Ni ulinzi mzuri, naupenda, nautumia kila siku, lakini ni kufuli. Nyumba yenye kufuli bado ni nyumba ya mtu.

Na kuna kufuli zingine ni za karatasi. New York mwaka 2014 walitoa data ya safari za teksi za mwaka mzima wa 2013, safari milioni 173, na namba za teksi walikuwa wamezipitisha kwenye programu inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka. Mtaalamu mmoja wa kompyuta akaona kwamba namba za teksi zina muundo unaojulikana, kwa hivo zote zinazowezekana si nyingi kwa kompyuta, akaiambia kompyuta yake igeuze kila namba inayowezekana halafu alinganishe, na kwa muda wa saa chache tu zote zikarudi wazi, teksi gani, dereva gani, alishusha abiria wapi saa ngapi. Naleta hiyo hadithi kwa sababu ofisi zetu hufanya vilevile kwa namba za simu. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu nane zilizobaki, hesabu mwenyewe, ni namba milioni 100 tu, na kompyuta ya kawaida ya mezani kuzijaribu zote hata chai haijapoa. Ukiniambia umeficha namba za simu kwa njia hiyo ntakuambia hujaficha kitu.

Lakini hadithi ambayo kila mtu wa kazi hii anafaa kuijua ni ya gavana wa Massachusetts, Marekani. Miaka ya tisini tume ya bima ya wafanyakazi wa serikali ya jimbo ilitoa rekodi za hospitali za wafanyakazi wake na familia zao kwa watafiti, majina yametolewa, anwani zimetolewa, na gavana William Weld akawahakikishia watu kwamba faragha yao iko salama. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Latanya Sweeney, akaingia kazini. Alijua gavana anaishi mji wa Cambridge. Akanunua orodha ya wapiga kura wa mji huo kwa dola 20, orodha ya halali kabisa inayouzwa kwa yeyote, ina jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Kisha akailaza juu ya ile data ya hospitali, ambayo ilikuwa imebaki na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Watu sita tu Cambridge walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana. Watatu wao wanaume. Mmoja tu alikuwa kwenye msimbo wake wa posta. Hapo akawa na rekodi ya hospitali ya gavana mwenyewe, magonjwa na dawa.

Baadaye Sweeney akapiga hesabu kutoka kwa sensa ya 1990 akapata kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Mtafiti mwingine mwaka 2006 alirudia akapata asilimia 63. Hata ukichukua hiyo ndogo, ni zaidi ya nusu ya taifa. Hakuna kitu kati ya hivyo vitatu ambacho msimamizi wetu angetuambia tukifute.

Wamarekani walipoandika kanuni za faragha ya afya, hizi ziitwazo HIPAA, waliweka njia mbili. Moja ni kuleta mtaalamu apime na aandike kwamba hatari ya mtu kutambulika ni ndogo sana. Nyingine ni orodha ya vitu 18 vya kutoa, na humo hayamo majina na simu peke yake, zimo tarehe zote zinazomhusu mtu isipokuwa mwaka, namba ya gari, picha ya uso, na kuna mambo mawili nikiyasoma nilisimama nikazunguka chumba. La kwanza, mtu akishapita miaka 89 usiandike umri wake, muweke kwenye kundi la 90 na zaidi, kwa sababu wazee wa umri huo ni wachache na kila mtu awajua. La pili, msimbo wa posta waweza kubaki na tarakimu tatu za mwanzo tu, tena ikiwa eneo lote lenye tarakimu hizo lina watu zaidi ya 20,000, likiwa na 20,000 au chini yake andika sufuri tatu.

Elfu ishirini! Sisi tulichapa jina la kijiji. Kijiji kile hakina hata watu elfu mbili. Mtu alieandika ile kanuni ya 20,000 alikuwa amefikiria mahali padogo ni nini, kwamba kadri mahali panavyopungua watu ndivyo mtu anavyozidi kuonekana, na sisi tunaoishi kwenye mahali padogo kweli kweli, ambako mtoto akilia saa tisa usiku asubuhi jirani wa nne auliza ana nini, hatukufikiria.

Ila hata hao nadhani kuna mtu wamemsahau. Ukisoma sheria nyingi za nje utaona yule adui wanayemfikiria ni mgeni. Uingereza ofisi yao ya faragha ilitoa mwongozo mwaka 2012 wenye kipimo maarufu: mfikirie mtu mwenye nia ya kumtafuta mhusika, hana ujuzi maalumu, haanzi na habari yoyote ya ndani, lakini ana intaneti, ana maktaba, ana rekodi za umma, ana uwezo wa kuuliza watu, je atampata? Kipimo kizuri. Mwongozo wenyewe wakubali kwamba watu wanaomjua mhusika tayari ni tatizo la aina yake. Lakini kwetu huyo ndiye tatizo la kwanza. Hakuna mgeni aliyekuja na kompyuta chini ya ule mwembe. Aliyekuja ni wifi. Hakuhitaji orodha ya wapiga kura ya dola 20, orodha yote anayo kichwani, nani ni mjane tangu lini, nani ana watoto wangapi, nani alinunuliwa cherehani na marehemu. Na data yetu nyingi hapa, ya zahanati, ya shule, ya chama, ya ruzuku za mbegu, ikivuja haivuji kwa wadukuzi wa ng'ambo, inavuja kwa shemeji, kwa jirani, kwa mwalimu wa watoto wako.

Kuna kesi moja ya Kenya ambayo kwangu ni muhimu kuliko zote za nje na sijui kwa nini haizungumzwi zaidi. Februari 2015 rais wa wakati huo alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti washirikiane na wakuu wa elimu na wa afya wakusanye taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia iliyotajwa ni kupanga huduma. Lakini fikiria njia ya hiyo karatasi, kutoka shuleni kwa mwalimu, kwa ofisi ya elimu, kwa kamishna, kila meza inayopita ina mtu anayemjua mtu. Shirika la KELIN, la kutetea haki za afya, na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema agizo hilo limevunja katiba, kifungu cha 31 cha faragha na kifungu cha 53 kinachosema maslahi ya mtoto kwanza. Na ikaamuru kwamba ndani ya siku 45 majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa misimbo kwa namna ambayo jina halitaunganishwa na hali ya mtu.

Hii ni kabla ya sheria ya data kuwepo. Mahakama ya Kenya, kwa kutumia katiba, iliona kwamba kosa liko kwenye kamba inayounganisha jina na hali. Sheria ya HIV ya 2006 nayo ilikuwa imeshataja misimbo ya utambulisho, miaka kumi kabla. Kwa hivo mwaka 2018 tulipokuwa tukifuta kolamu zetu tatu, hatuwezi kusema nchi haikuwa na kanuni. Kanuni zilikuwepo, hukumu ilikuwepo, haikufika kwenye chumba chetu chenye feni moja na kompyuta sita.

Afrika Kusini nawapenda kwa jinsi walivyoandika ya kwao, sheria ya 2013. Wamesema kuondoa utambulisho ni kufuta taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, na pia inayoweza kutumiwa kwa njia inayotarajiwa kumtambulisha, na pia inayoweza kuunganishwa kwa njia inayotarajiwa na taarifa nyingine inayomtambulisha. Hiyo ya tatu ndiyo gavana wa Massachusetts na ndiyo wifi wa Kilifi, wote wawili ndani ya mstari mmoja. Ningetamani na sisi sentensi yetu iwe imenyooka hivyo, isiache kipande cha kwanza kikae peke yake mbele watu wakidakie hapo.

Ulaya wamefika mbali zaidi na hapa sina hakika kama nafurahi au naogopa. Septemba 2025 mahakama yao ya juu, kwenye kesi ya bodi moja ya mambo ya benki, iliamua kwamba data ya namba bandia sio lazima iwe data binafsi kwa kila anayeipokea, itategemea kama huyo mpokeaji ana njia ya kweli ya kumrudia mwenyewe. Yani faili moja, kwangu ni data binafsi kwa sababu nina ufunguo, kwako pengine siyo. Nilipoisoma nikaona ile faili yetu: kwenye ofisi ya Nairobi ambako hakuna mtu amewahi kufika kijiji kile ilikuwa haimtaji mtu, chini ya mwembe ilikuwa inamtaja kwa kidole. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini naogopa kwa sababu faili hazikai mahali pamoja, ya Nairobi ndiyo iliyorudi kijijini kwenye bahasha ya kaki. Kitu kimoja kizuri mahakama ilishikilia ni kwamba aliyekusanya data lazima amwambie mtu tangu mwanzo nani atapelekewa, hata kama huko inakoenda hatajulikana. Yule mama angeambiwa "mtachapiwa mistari yenu mgawiwe barazani" angejibu nini? Tungejua siku ile ile.

Halafu kuna wale wanaotaka kumwadhibu anayefunua. Uingereza kwenye sheria yao ya 2018 kifungu cha 171 ni kosa la jinai kumrudisha mtu kwenye data iliyoondolewa utambulisho bila ridhaa ya aliyeiondoa, ingawa kuna utetezi wa watafiti wanaopima ulinzi. Australia walijaribu. Mwaka 2016 serikali yao iliweka mtandaoni data ya madai ya matibabu ya karibu asilimia 10 ya wananchi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Melbourne wakaonyesha namba za madaktari zinafunguka, data ikaondolewa, serikali ikapeleka bungeni mswada wa kufanya ufunuaji kuwa kosa, mswada ukafa bila kupita, na mwaka 2017 wataalamu walewale wakaonyesha kwamba hata wagonjwa wanaweza kutambulika. Mimi namuuliza tu anayetaka sheria ya namna hii, wifi utamshtaki kwa nini? Hakufungua kitu. Alipewa karatasi akasoma. Mwenye kuchapa ndiye wa kuulizwa, na kwetu Kamishna wa Data ana uwezo wa kutoza faini mpaka shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo, na ningependa siku moja nione mtu ametozwa kwa sababu alifuta jina akaacha kila kitu kingine.

Mimi siku hizi ndio msimamizi, vijana wanaingiza data mimi nawafundisha siku ya kwanza. Siwaambii futa kolamu. Nawapa mstari mmoja wa kubuni, nawaambia huyu ni shangazi yako, semeni nani atamjua. Wanaanza kucheka, baada ya dakika tano hawacheki. Umri tunauweka kwa makundi ya miaka kumi. Kijiji kinakuwa kaunti ndogo. Kazi inakuwa kilimo, biashara, ajira, basi. Idadi ya watoto, watano na zaidi ni kundi moja. Jedwali likiwa na kisanduku chenye watu wachache hatuandiki namba, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, wao hawaonyeshi chini ya 11 na sisi tumechukua hiyo. Watafiti wananung'unika kwamba data inakuwa butu, na ni kweli inakuwa butu, kuna maswali huwezi kuyajibu tena, sitawadanganya kwamba hakuna tunachopoteza. Anayehitaji iliyo kali aje ofisini aisome hapa kwa sahihi yake, haitoki.

Yule mama alihama. Cherehani aliibeba, yuko mji mwingine anashona na ana wasichana wawili anawafundisha kazi. Wiki hii nilimpigia nikamwambia nataka kuandika, nikamsomea kila kitu kwa simu kuanzia juu, polepole, ilichukua karibu saa nzima manake nilikuwa namfasiria mambo ya Massachusetts na Ulaya na yeye anauliza maswali. Kuhusu cherehani akasema iache, wenye cherehani ni wengi huku. Tulipofika pale barazani kwake Januari ile, palikuwa na kitu kimoja kidogo nilikuwa nimekiandika, kitu cha kawaida tu cha kumfanya msomaji aone ile nyumba, mimi hata nisingewahi kufikiria ni cha kumtambulisha mtu. Akanikatiza. "Hicho kitoe mwanangu, hapo watanijua." Nikakitoa yeye akiwa bado kwenye simu, kisha nikamsomea ile sehemu tena.